Kigongo Feri Bila Feri

Kondakta wa basi la Geita bado anaita vilevile: "Kigongo Feri! Kuna wa Kigongo Feri?" Feri yenyewe haipo. Tangu Juni 19, 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipolifungua Daraja la J.P. Magufuli, basi halisubiri kuvushwa tena. Linapanda darajani, linakimbia kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na kabla abiria hajamaliza kufungua chupa ya maji yuko Busisi, upande wa Sengerema. Dakika nne tu, tano ukikuta lori la ng'ombe mbele yako.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alilivuka daraja hilo kwa mara ya kwanza mwezi mmoja baada ya kufunguliwa. Alikuwa dirishani, shingo kaigeuza nyuma, akilitafuta gati la zamani. Aliliona kwa sekunde chache: zege linaloteremka majini, kibanda kimefungwa, mkokoteni umelazwa kando. Mzee aliyekaa naye kiti kimoja akamuuliza, "Mama, umesahau mzigo?" Akacheka, akasema hapana. Ila safari yote mpaka Geita hakusema neno. Alikuwa anahesabu moyoni vitu alivyojifunza akiwa amesimama pale, akisubiri kuvuka.

Mara ya kwanza ilikuwa 1993, akiwa na miaka kumi, amefuatana na bibi yake kwenda msibani Sengerema. Basi lilishika foleni nyuma ya malori tangu asubuhi. Abiria wakateremka mmoja mmoja, wakatafuta kivuli. Bibi akatandika khanga chini ya mti, akamwita mwuzaji: "Mwangaluka, mayu. Lete michembe tuione." Mama yule akatua ungo. Kulikuwa na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa mpaka vikawa vyeupe na vikavu kama chaki. Kulikuwa pia na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa, yakatoka na rangi ya hudhurungi, ukitafuna yanavutavuta kama mpira na utamu unakuja taratibu. Bibi alichukua ya aina zote mbili, akamwonyesha mjukuu tofauti: hii ya kupikwa uji wakati wa njaa, hii ya kutafuna njiani. Msichana yule alikuwa amekula vitu hivyo tangu alipoota meno, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini vipo viwili.

Kisha bibi akaanza kuonyesha kwa kidevu, kama wafanyavyo wazee wa Kisukuma. Kule nyuma ya miti ndiko Bukumbi, walikofikia mapadri wa kwanza. Baadaye shuleni msichana akaja kukuta mwaka wake, 1883: Wamisionari wa Afrika, wale watu waliowaita Mapadri Weupe, walikuwa wameondoka Buganda wakavuka ziwa kuja kuanzisha misheni huku kusini. Bibi hakujua mwaka. Alijua kwamba mama yake mzazi alisomea katekisimu pale, na kwamba njia ya kwenda ilikuwa na fisi.

Kivuko kilipofika, watu walitembea kwa miguu kuingia, magari yakafuata moja moja yakipimwa kwa jicho na vijana wenye filimbi. Safari ya majini ilichukua kama nusu saa. Mpaka wanateremka Busisi, mtoto alikuwa ameonyeshwa miamba, misheni, mitumbwi ya dagaa na magugumaji, na hakuna aliyekuwa amepanga kumtembeza. Kusimama ndiko kulikomtembeza. Hilo ndilo jambo ambalo mwandishi amelishikilia tangu hapo: mahali panakuwa kivutio pale msafiri anapopata sababu ya kusimama na mtu wa kumsimulia. Uzuri wa mahali peke yake hausimamishi basi.

Mjini Mwanza alikosoma, ushahidi wa jambo hilo ulikuwa majini karibu na kivuko cha Kamanga. Jiwe la Bismarck ndilo picha ya jiji. Liko kwenye kadi, kwenye fulana, kwenye kalenda za benki. Mawe makubwa yamepandana juu ya mengine kama yamewekwa na mkono, na jua linapozama nyuma yake hata mkazi wa miaka mingi husimama. Jina ni la Otto von Bismarck, chansela wa Ujerumani, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika. Siku moja akiwa kidato cha kwanza mwandishi alimuuliza mpiga picha wa pale ufukweni, "Kaka, kabla ya Wajerumani liliitwaje?" Kijana akamtazama, akatazama jiwe, akasema, "Simama vizuri, mdogo wangu, jua linaondoka."

Hakuwa na kosa. Hata darasani somo lilianza na wageni. Agosti 3, 1858, John Hanning Speke alifika kwenye ziwa hili akitokea Tabora, akalipa jina la malkia wake. Mwalimu wa historia wa shule ile, Mungu amlipe, alifunga kitabu akawauliza wanafunzi: kwenu mnaliitaje? Darasa likalipuka. Nyanza, wakasema Wasukuma. Nam Lolwe, akasema Mjaluo wa Rorya. Mwanafunzi aliyewahi kuishi Kampala akasema Waganda huliita Nalubaale. Ubao ukajaa. Speke alipewa mstari mmoja kama wenzake.

Mei 1996 somo likabadilika sura. Asubuhi ya tarehe 21, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Shule zilifungwa. Malori yalipita yakielekea Igoma, na watoto waliambiwa wasitazame, nao wakatazama. Makaburi ya Igoma yapo mpaka leo, yana mnara, na kila Mei 21 ndugu hukusanyika kuomba dua. Mwandishi hukasirika anapoona orodha ya maeneo ya historia ya Mwanza isiyoitaja Igoma, eti kwa kuwa mtalii hapendi huzuni. Nani kasema? Mtu anayekuja kuliona ziwa aambiwe pia limechukua nini. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipopinduka mita chache kutoka gati la Ukara na watu 228 wakapotea, wengi waliokuwa watoto mwaka 1996 walisema neno moja: tena.

Bujora alifika mwaka 1999, kwa lori la shule, kilomita kama 18 kutoka mjini kwenye barabara ya Musoma, unachepuka Kisesa. Hapo ndipo Padri David Clement, Mkanada, alipoishi na Wasukuma akajenga kanisa lenye umbo la msonge, na Makumbusho ya Wasukuma yakafunguliwa mwaka 1968. Wanafunzi walitegemea kuona kabati za vioo na vibandiko. Walikuta nyumba. Kuna nyumba ya ntemi, nyumba ya mganga, nyumba ya mhunzi, na banda la ngoma za kifalme lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi, hivyo unaingia ndani ya kiti kuziona ngoma za waliokikalia.

Mzee aliyewaongoza hakuwa na haraka. Kwenye nyumba ya mhunzi alichagua mvulana mmoja mwenye mdomo mwingi, akamkalisha kwenye mvukuto, akamwambia apulize moto mpaka yeye amalize kueleza. Mvukuto wa ngozi una mifuko miwili. Ukikandamiza huu, unauinua ule, na mkono ukikosea mdundo pumzi inakatika, chuma kinapoa. Mvulana alitokwa jasho dakika tatu. Darasa zima likacheka, halafu likanyamaza, kwa sababu kila mmoja alielewa jembe lilikuwa na bei gani. Kwenye chumba kingine mzee akaonyesha jinsi watu wa rika tofauti walivyokuwa na namna zao za kuhesabu moja mpaka kumi, kila rika na maneno yake, wakubwa wakihesabu mbele ya wadogo bila kueleweka. Wasichana waliandika haraka haraka. Kwa wiki nzima bwenini walihesabu hivyo, matroni asijue wanasema nini.

Na wakati wa kurudi, kwenye lori, ukazuka ugomvi mtamu wa Bagika na Bagalu. Hivyo ni vyama viwili vya ngoma vya Usukuma vyenye ushindani wa miaka mingi. Inasimuliwa kwamba vilianzia kwa waganga wawili, Ngika na Gumha, waliotaka kujua nani ana dawa kali ya kuvuta watu. Mpaka leo vinakutana kwenye Bulabo, sherehe ya Juni inayofuatana na sikukuu ya Ekaristi, wachezaji na chatu shingoni, umati ukihamia kwa anayecheza vizuri zaidi. Aliyepata watu wengi ndiye mshindi. Wanafunzi ambao hawakujua kama babu zao walikuwa Bagika au Bagalu walikwenda kuuliza likizo. Mwandishi aliuliza. Bagalu.

Ni nini kilichokuwa Bujora na hakikuwa kwenye Jiwe la Bismarck? Jiwe lina uzuri mara mia. Bujora ina mzee. Tena ina mahali pa kukaa, choo, maji ya kunywa na mvukuto unaoruhusiwa kushikwa. Vitu hivyo vinaonekana vidogo mpaka vikosekane.

Mwaka 2007, akiwa ameshakuwa mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja ya Misungwi, shule ilipata mwalimu wa hisabati wa kujitolea kutoka Japani. Vijana wa Japani wamekuwa wakija Tanzania kwa kazi za kujitolea tangu 1967, kwa hiyo hakuwa ajabu, ila yeye alikuwa na swali ambalo wengine hawakuuliza. Alikwenda ofisi moja ya utalii mjini kuuliza aone nini wikendi. Akaambiwa Mwanza ni njia tu ya kupitia kwenda Serengeti, na lango la Ndabaka liko kwenye barabara ya Musoma, gari lipo. Akarudi shuleni kaduwaa. "Mwalimu," akamwambia mwandishi kwa Kiswahili chake cha kupangilia, "mimi sikuuliza njia. Niliuliza hapa."

Basi wakapanga kuona hapa. Walianza na Saanane, kisiwa cha mawe kilicho karibu na mji, kilichopewa jina la mwenyeji wake wa zamani, Saanane Chawandi. Bustani ya wanyama iliwekwa pale 1964, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Wakaona pimbi wakiota jua na kenge mrefu kama fimbo ya mchungaji. Wikendi nyingine wakaenda Kageye, upande wa Magu, ambako Henry Morton Stanley alipiga kambi Februari 1875. Mashua yake, Lady Alice, ilikuwa imebebwa vipande vipande kutoka pwani, ikaungwa pale, akaizungusha ziwa zima. Mjapani alisimama mchangani akauliza vichwa vya nani viliibeba. Mwandishi alilijua jina la mashua, la Stanley, hata la kijana wake Mwingereza Frederick Barker aliyefia hapo hapo. La mpagazi hata mmoja hakulijua. Hata leo hapiti ufukwe ule bila kuwafikiria wale watu.

Lakini pahali Mjapani alipopenda kuliko pote palikuwa Kigongo Feri. Alikuwa anakwenda hata bila ya kuvuka. Anakaa kwenye benchi la mama mmoja mkaanga sato, anaandika kwenye daftari majina ya vitu: ungo, beseni, sufuria, michembe. Akaeleza kwa nini. Yeye ni mtoto wa Ikuchijima, kisiwa cha malimau katika bahari ya ndani ya Japani, katikati ya Honshu na Shikoku. Utoto wake wote ulikuwa wa feri. Mwaka 1999 barabara ya Shimanami ikakamilika, kilomita 60 hivi kutoka Onomichi mpaka Imabari, ikiruka kisiwa hadi kisiwa kwa madaraja. Daraja la Tatara lililotua kwao lina mita 890 kati ya mnara na mnara. Wakati ule hapakuwa na daraja la nyaya la aina yake lililolizidi duniani. Kijiji kilisherehekea. Kisha feri zikapungua, na duka la bibi yake la gatini likafungwa, kwa kuwa magari yalipita juu ya paa.

"Likafa?" mwandishi akauliza.

"Duka lilikufa. Kisiwa hakikufa."

Waliofanya madaraja yale waliweka njia za baiskeli na za miguu pembeni, na njia hizo zinateremka kila kisiwa. Ukitaka kufika ng'ambo kwa baiskeli lazima ushuke kijijini, upite mbele ya milango ya watu, ndipo upande tena. Watu wa mijini wakaja na baiskeli zao. Wakashikwa na kiu, wakala malimau, wakauliza habari za hekalu la Oyamazumi kwenye kisiwa cha jirani cha Omishima, lenye silaha na deraya za wapiganaji wa kale. Na kote nchini, tangu 1993, Japani ilianza kusajili vituo vya njiani, ambavyo sasa ni zaidi ya 1,200. Sharti lake ni la kawaida sana: maegesho na choo vya bure usiku na mchana, taarifa za eneo, na mara nyingi soko ambamo mkulima wa kijiji kile anauza alichovuna asubuhi. Mashamba ya nchi ile yalikuwa yanahamwa na vijana. Kituo kikawa sababu ya gari kusimama.

Mwandishi alisikiliza kama mtu anayesikia habari za mbali. Mwaka 2007 hakuna aliyekuwa na daraja kichwani pale Kigongo.

Kabla ya daraja kulikuwa na safari moja zaidi inayostahili kutajwa. Mwaka 2010 aliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tano Ukerewe, kwa meli mpaka Nansio, waende Kagunguli alikoishi Aniceti Kitereza. Huyu ndiye mwandishi wa riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapwa 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Miaka thelathini na mitano ya kusubiri. Njia nzima wanafunzi hawakuona kibao hata kimoja chenye jina lake. Walifika kwa kuulizauliza: bibi mmoja mwenye beseni la dagaa aliacha safari yake, akatembea nao, akiwasimulia jinsi mzee alivyokuwa akisalimia. Wanafunzi walikumbuka beseni kuliko riwaya, na walipofanya mtihani waliiandika riwaya vizuri kwa sababu ya beseni.

Mwaka 2019, Desemba, Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi Kigongo, na nguzo zikaanza kuota majini. Wapo wanaodhani anayekumbuka feri hulipinga daraja. Mwandishi halipingi hata kidogo. Anakumbuka wajawazito waliokuwa wakipelekwa hospitali ya Bugando usiku, gari la wagonjwa likimulika maji, kivuko kiko ng'ambo. Anakumbuka nyanya zikioza kwenye malori. Daraja lile ni haki ya watu wa Sengerema na Geita, tena lilichelewa. Vilevile limeisogeza karibu Rubondo, hifadhi ya 1977 yenye nzohe majini na sokwe ambao mababu zao waliletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960 wakarudishwa msituni; anayeondoka Mwanza asubuhi anaweza sasa kupanga siku yake mpaka Nkome bila kuuliza foleni ikoje.

Anachodai ni kituo. Ardhi ya gati ipo, na zege limeshamwagwa. Mandhari ya kulitazama daraja kutoka chini, jioni, wavuvi wakitoka na karabai, haipatikani mahali pengine. Bukumbi iko jirani na historia yake ya tangu 1883. Jenga choo kisafi, weka kivuli, maegesho, ubao wenye ramani ya Bujora, Kageye, Igoma, Ukerewe na Rubondo, na majina ya ziwa yote, si lile la malkia tu. Wape mabanda mama waliolisha abiria kwa miaka yote ile, kabla ya mtu mwingine yeyote. Wao ndio walikuwa kituo wakati hakuna aliyekijenga. Leo wametawanyika: wengine wamerudi shamba, wengine wanakimbiza madirisha ya mabasi Usagara, njia panda, beseni kichwani.

Siku daraja lilipofunguliwa, yule mwalimu wa hisabati, ambaye sasa ana nywele nyeupe na anaishi kwao Ikuchijima, alituma ujumbe. Hakuuliza urefu wala gharama. Aliandika: hongereni, mama wa sato amehamia wapi?

Agosti mwandishi alimjibu kwa vitendo. Alichukua bodaboda kutoka Usagara akiwa na mpwa wake wa miaka tisa, akashuka Kigongo. Walipanda darajani kwa miguu, kwenye njia ya waenda kwa miguu, upepo ukipiga gauni la mtoto. Kila lori likipita zege linatetemeka kidogo chini ya nyayo. Chini, mtumbwi ulikuwa unapita katikati ya nguzo mbili, mwenye kasia ameinua uso kuwatazama. Mtoto akapunga mkono. Yule naye akapunga.

Waliporudi chini, waliwakuta wanawake watatu pembezoni mwa barabara mpya, wamejitengenezea kivuli kwa turubai na miti minne. Mkaanga sato hakuwemo. Walisema yuko kwa mwanawe Busisi, hajambo, hukaanga kule siku za gulio. Mmoja akatua ungo. "Karibu, mayu. Nikupimie matobolwa au michembe?"

Mtoto akauliza tofauti yake ni nini. Yule mama akavuta kigoda, akamkalisha.